Samaki wa Mgeni Ametoka Wapi?

Hotuba hii niliitoa Kisumu, Siku ya Utalii Duniani, 27 Septemba, mbele ya wenye mashua, wenye hoteli, akina mama wauza samaki, waongoza watalii na wanafunzi wa vyuo. Walioshindwa kufika wameomba niiweke yote. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha. Maneno ni yale yale.

Wazee wetu, mama zetu, wenye hoteli, vijana wa mashua na vijana wa boda, wanafunzi: oyaore! Mulembe! Chamgei! Na wale tuliosafiri pamoja usiku kutoka Nakuru, poleni na safari.

Nimeongoza watalii miaka mingi. Nilianzia Nakuru, nikaja huku ziwani, na siku hizi nawafundisha vijana kazi hiyo hiyo. Mwenyekiti amenipa mada ya umuhimu wa utalii wa kimataifa kwa uchumi. Nitaanza na tarakimu, na nitazimaliza haraka, kwa sababu mnazisikia redioni kila mwaka na bado hazijawahi kumlipia mtu karo.

Mwaka 2019, kabla ya korona, watalii waliovuka mipaka ya nchi zao walikaribia bilioni moja na nusu duniani kote. Mwaka 2024 walikuwa wamerudi karibu na hapo, kama bilioni 1.4. Wanaofuatilia biashara hii wanakadiria kwamba katika kila ajira kumi duniani, moja inategemea msafiri, iwe ni ya rubani au ya mama anayefua mashuka. Hapa Kenya, mwaka huo wa 2024, tulipokea wageni wa kimataifa wapatao milioni 2.4, na serikali ikatangaza kwamba walituachia shilingi bilioni 452.

Bilioni 452! Sasa niwaulize mama zetu mlioketi hapa mbele. Ngapi kati ya hizo zilifika ufuo wetu wa Dunga? Ngapi zilifika Kakamega? Ngapi zilivuka Mlima wa Homa zikafika kisiwa cha Rusinga? Mnanitazama tu. Basi hapo ndipo nitakapokaa leo.

Kwanza tuelewane pesa hii ni ya namna gani. Wachumi wanauhesabu utalii pamoja na mauzo ya nje. Tazameni chai ya Kericho. Ikitaka kutuletea dola, lazima ichumwe, ikaushwe, ipakiwe, iteremke hadi Mombasa, inadiwe mnadani, kisha ipande meli. Mgeni anajileta mwenyewe. Anakula hapa, analala hapa, anapanda mashua hapa, na akirudi kwao amebeba picha na labda kikapu kimoja. Lakini pesa aliyoacha ni ndugu wa pesa ya chai, kwa sababu imetoka nje ya nchi. Ndiyo inayotusaidia kununua mafuta ya magari, dawa, mbolea na mitambo tusiyoitengeneza. Kwa hivyo mama anayemkaangia Mjerumani samaki hapa Kisumu anafanya biashara ya nje sawa na mwenye shamba la maua Naivasha. Tofauti ni kwamba yeye hakuna anayemwita mfanyabiashara wa nje, na hakuna benki inayomkopesha kama mfanyabiashara wa nje.

Nawaomba mlishike hilo. Mama wa samaki ni mfanyabiashara wa nje.

Niwape kisa. Niliwahi kumleta hapa mzee mmoja na mkewe kutoka Ujerumani. Mchana tulizunguka makavazini, jioni wakasema wanataka samaki, na wanataka kumla kando ya ziwa, kwenye kibanda wanakokula wenyeji. Tukaenda. Mama akafungua kisanduku, akatoa ngege mzima, yaani tilapia, akainua shavu la samaki kuwaonyesha wekundu wa ndani. Kisha akachukua wa kukaanga, akamchanja mistari mitatu ubavuni, akampaka chumvi, akamtia kwenye mafuta yanayochemka. Yule bibi wa Kijerumani alisimama pale pale jikoni, moshi machoni, akitazama nyanya zikikatwa kiganjani bila ubao. Alifurahi kama mtoto. Ugali ukaja, sukuma ikaja, wakafundishwa kunawa na kula kwa mkono.

Hebu tuifuate pesa ya samaki huyo. Tuseme ni shilingi elfu moja. Humo ndani kuna ya mvuvi aliyetoka usiku, kuna ya mwenye mashua, kuna ya mwenye nyavu. Kuna ya mama aliyempokea ufuoni alfajiri, kuna ya barafu, kuna ya kijana wa boda aliyempeleka sokoni. Kuna ya makaa, ya nyanya, ya sukuma iliyotoka Vihiga, ya mahindi yaliyotoka Trans Nzoia. Kuna ya msichana aliyeleta maji ya kunawa. Na kila mmoja wao akiipata, haikai mfukoni. Mvuvi anamlipa fundi injini. Msichana ananunua kitabu. Fundi anakula kwa mama mwingine. Elfu moja iliyoingia mara moja kutoka Ujerumani inazunguka Kisumu mkono hadi mkono kabla ya kutoka. Huo ndio umuhimu wa utalii kwa uchumi. Ungeweza kuuona pale kibandani bila kufungua kitabu.

Lakini kisa hakijaisha.

Walipomaliza kula, mzee akaniuliza: "Samaki huyu amevuliwa na mashua ipi kati ya hizi?" Mashua zilikuwa pale, mita chache tu, zimevutwa mchangani. Nikamgeukia mama nimtafsirie. Mama akanyamaza. Akanitazama, akaitazama meza, akaanza kukusanya mifupa kwenye sahani.

Mnajua kwa nini alinyamaza. Kila mtu humu anajua. Kwenye kisanduku kile kulikuwa na samaki wa ziwani wachache, wa kuonyesha. Wengine, na yule wa mezani petu akiwa mmoja wao, walikuwa wa kugandishwa, waliotoka China, wakashushwa Mombasa, wakapanda lori, wakapita Nairobi, wakapita Nakuru, wakaja kukaangwa mita chache kutoka Ziwa Victoria.

Simlaumu yule mama. Simlaumu hata kidogo, na nisisikie mtu akimlaumu. Yeye anatafuta samaki anayeweza kumnunua leo na kumuuza leo. Ziwa limevuliwa kupita kiasi, maji yamechafuliwa, gugumaji linafunga ufuo, mvuvi anarudi na ndoo nusu, na bei ya hiyo nusu ndoo mama haiwezi. Samaki wa kugandishwa anakuja kwa katoni, saizi moja, bei moja. Ungekuwa wewe ungefanya nini?

Ninachosema ni hiki. Mgeni yule alileta pesa yake kutoka mbali hadi kwenye meza ya Kisumu, na nyingi katika hiyo ikapitiliza moja kwa moja hadi kwa mfugaji wa samaki wa China. Mvuvi hakuiona. Mwenye nyavu hakuiona. Fundi injini hakuiona. Kwenye vitabu vya serikali imeandikwa kwamba tumepokea. Tumepokea kweli, lakini tumeishika kwa saa moja.

Na samaki ni mfano mmoja tu. Kuna mgeni ambaye pesa yake nyingi imekwisha kabla hajapanda ndege: amelipa shirika la ndege la kwao, amemlipa wakala wa kwao, na wakala amekodi gari kutoka Nairobi. Akifika kwenye hoteli ya nyota nyingi anakunywa mvinyo wa Ufaransa, anakula jibini ya Uholanzi, analala kwenye shuka lililotoka nje. Asubuhi anaondoka, na Kisumu imebaki na mshahara wa mhudumu na kodi kidogo. Mgeni wa namna hiyo simkatai, aje na karibu. Lakini tusikae tukihesabu vichwa vyao kana kwamba kila kichwa kina thamani sawa kwetu. Mimi mgeni mmoja anayekula ngege wa Rusinga kwangu ni wa maana kuliko kumi wanaopita na madirisha yamefungwa.

Ndugu zangu wa vizimba, mnaofuga samaki humo ziwani, mko wapi? Inueni mikono. Naona mikono mingi kuliko nilivyotarajia, na nimefurahi. Ninyi ndio jibu la yule mzee. Hoteli za mji huu zikikaa nanyi mezani, mkakubaliana kilo ngapi kila wiki na kwa bei gani, mwaka mzima, mama wa kibandani naye akaingizwa kwenye mpango huo kwa kikundi chake, samaki wa katoni atakosa soko pole pole bila mtu kuandamana. Mengine ya kufuga nyinyi mnayajua kuliko mimi.

Nipite haraka kwenye korona, maana majeraha yake tunayo sote. Tarehe 25 Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, zikarudi 1 Agosti. Mwaka 2019 Kenya ilikuwa imepokea wageni zaidi ya milioni mbili. Mwaka 2020 wakashuka hadi kama laki sita. Kijana mmoja wa mashua namjua, yuko humu ndani, mashua yake ilikuwa imepakwa rangi mpya kwa ajili ya msimu. Ikakaa juu ya mchanga hadi mbao zikapasuka. Akaingia kuvua omena usiku na wenzake, akalisha watoto wake. Lakini waliosuka mikeka ya mafunjo Dunga walikosa hata pa kuingia, kwa sababu mkeka hauliwi. Tukajua ni nani aliyekuwa akila kwa mgeni. Tukajua pia hatari ya kumtegemea mgeni wa aina moja tu, anayekuja kwa ndege kutoka mbali.

Na hapo naingia kwenye jambo ambalo ningependa mlibebe hata mkisahau mengine yote. Mgeni wa kimataifa wa Kisumu ni nani?

Ukimuuliza kijana wa mashua, macho yake yanamtafuta Mzungu. Nilikuwa Dunga Jumamosi moja. Likaja gari la abiria kutoka Uganda, lina akina mama wa chama kimoja cha Jinja, wamevaa sare za kitenge. Walikuwa wamevuka Busia, wamelala Kisumu, wameshinda soko la Kibuye wakinunua nguo na vyombo. Wakashuka wanataka mashua, wanataka samaki, wanataka kuimba majini. Mnajua vijana wetu walifanya nini? Waliwapita mbio, wote, wakamfuata Mzungu mmoja na mwenzake waliokuwa wameshaandikisha mashua yao tangu juzi! Akina mama wa Jinja wakasimama wakishika viatu mkononi, hakuna anayewaambia karibu.

Wazee, yule mama wa Jinja ni mtalii wa kimataifa. Amevuka mpaka, amelala, amelipa, hakuja kuajiriwa: anahesabiwa sawasawa na Mmarekani. Mwaka 2024, ukitazama nchi zilizotuletea wageni wengi, Marekani iliongoza, na waliofuata walikuwa nani? Uganda, kisha Tanzania. Majirani! Tangu 2014 Mganda, Mkenya na Mnyarwanda wanavukiana kwa kitambulisho tu. Kutoka Busia hadi hapa ni saa mbili na kidogo. Hana haja ya ndege, hana haja ya wakala. Pesa yake yote anakuja nayo mfukoni, na anaitumia kwenye vibanda vyetu, kwenye matatu zetu, kwa mafundi cherehani wetu. Huyo hapotezi nusu ya pesa yake njiani.

Kuna anayekuja kutibiwa na ndugu wawili wa kumuuguza. Kuna anayekuja harusini. Kuna anayekuja mkutanoni. Mnakumbuka Mei 2022, mkutano wa Africities ulipoletwa Kisumu? Miji ya Afrika nzima ilikuja Mamboleo, na hoteli zikajaa, watu wakafungua nyumba zao wakapokea wageni. Nilimjua mwalimu mstaafu mmoja aliyepokea maafisa wawili kutoka Afrika Magharibi, akawapikia uji asubuhi, na pesa aliyopata akamalizia paa. Lakini kulikuwa pia na waliopandisha bei ya chumba mara tatu kwa wiki ile. Hao walipata mara moja. Mwalimu yule wageni wake bado wanampigia simu, na mmoja amewahi kurudi na familia.

Au twendeni Iten. Kuna nini Iten? Hakuna simba, hakuna bahari. Kuna baridi, barabara ya vumbi jekundu, na kimo cha kama mita 2,400 juu ya bahari. Kuna wakimbiaji. Basi. Lakini wanariadha kutoka Uingereza, Japani, Marekani wanakuja kukaa huko wiki nyingi kwa pamoja, Mo Farah akiwa mmoja wa waliofanya hivyo. Wanakodi nyumba, wanakula ugali na maziwa ya pale, wanafuliwa nguo, wanalipa wa kukimbia nao. Hakuna aliyewajengea jumba la mabilioni kwanza. Walikuja kwa sababu watu wa pale wanafanya jambo moja vizuri kuliko watu wengine duniani, na wakakubali kulifanya mbele ya mgeni.

Hapo pana siri ya pesa hii, na siri ni usiku. Anayepita mchana anaacha bei ya soda. Anayelala anaacha chakula cha jioni, kitanda, kiamshakinywa, boda ya asubuhi. Ukiniuliza njia ya haraka ya kuongeza pato la utalii Magharibi, sitakuambia tutafute wageni wapya. Nitakuambia hawa waliopo walale usiku mmoja zaidi.

Watalalaje? Nisikilizeni. Waholanzi wawili, wapenda ndege, walifika Msitu wa Kakamega wamepanga usiku mmoja. Mnaujua msitu ule: ni kipande cha msitu wa mvua wa Afrika ya Kati kilichobaki upande wetu, na Kenya nzima haina mwingine wa aina yake. Una aina zaidi ya 300 za ndege. Wakakabidhiwa kijana wa pale pale, mtoto wa Shinyalu. Aliwaamsha saa kumi na moja alfajiri, wakaingia gizani kimya. Kulipopambazuka akasimama, akainua kidole. Juu ya mti alikuwepo turako mkubwa, wa buluu mgongoni, kishungi cheusi, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu, anarukaruka kwenye tawi kama kima. Yule Mholanzi mwanamume machozi yalimtoka. Alikuwa amemsubiri ndege yule tangu ujana wake.

Kijana hakuishia hapo. Akawaambia: jioni nitawapandisha kilima cha Lirhanda mwone msitu wote kutoka juu, kesho nitawapeleka upande wa Buyangu, na keshokutwa kuna watu wanapiga isukuti kwenye sherehe, mkitaka nitawaombea ruhusa kwa wazee. Isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho, iliyowekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Wageni wa usiku mmoja wakalala siku tatu. Mama mpishi akapata, mwenye nyumba ya wageni akapata, wapiga ngoma wakapata. Ni nini kilichowalaza siku mbili zile za ziada? Ni maarifa ya kijana mmoja na jinsi alivyoyatoa kidogo kidogo. Hakuna barabara iliyojengwa, hakuna zabuni iliyotangazwa.

Sasa fikirieni Thimlich Ohinga, kule Migori. Kuta za mawe zilizopangwa na babu zetu bila saruji wala udongo, zinaaminika kuwa za tangu karne ya 16, na bado zimesimama. Mwaka 2018 zikaingia kwenye Urithi wa Dunia. Jirani yake ni nani? Ni Masai Mara, ambako dunia nzima inakwenda kutazama nyumbu wakivuka mto. Mgeni wa Mara anamaliza nyumbu wake, anapanda ndege ndogo, anarudi Nairobi. Nani amemwambia kwamba akigeuka upande huu ataona kuta zile, kisha mbuga ya Ruma na korongo wake, wale swala wakubwa ambao nchini hawapo kwingine porini, kisha Rusinga lilipo kaburi la Tom Mboya, kisha Kisumu? Kaunti 14 za eneo la ziwa zina umoja wao wa kiuchumi. Naziomba zichore ramani moja. Kila kaunti ina kijitabu chake chenye picha ya gavana kwenye ukurasa wa kwanza, na mgeni hajui atokeje kwenye kijitabu hiki aingie kile.

Naja Nakuru, nyumbani. Na hapa mtanisamehe nikipandisha sauti.

Ziwa Nakuru lilikuwa hifadhi ya ndege tangu 1960, mbuga ya taifa 1968, na mwaka 1990 likawa ardhioevu ya kwanza ya Kenya kuandikwa chini ya mkataba wa Ramsar, ule wa kulinda ardhioevu duniani. Mwaka 2011 likaingia kwenye Urithi wa Dunia pamoja na Elmenteita na Bogoria. Kuna nyakati heroe, yaani flamingo, walihesabiwa zaidi ya milioni moja. Ukisimama kwenye jabali juu, ukingo mzima wa ziwa ulikuwa wa rangi ya waridi, na kelele zao ulizisikia kabla hujawaona. Kwa ndege hao mji wangu ulijulikana duniani. Kwa ndege hao hoteli zilijengwa, madereva wakasomesha watoto, na wachonga vinyago wakanunua ploti.

Heroe mdogo anakula mwani usioonekana kwa jicho, unaostawi kwenye maji ya magadi. Kuanzia miaka ya 2010 maji yakapanda na kupanda. Lango la zamani likamezwa, miti ikafa imesimama majini. Maji matamu yakazimua magadi, mwani ukapungua, na heroe wakahamia Bogoria na kwingineko. Mchuuzi mmoja wa vinyago ninayemfahamu, aliyekuwa karibu na lango lile, leo anauza mitumba. Mvua sisi hatuizuii, nakubali. Lakini msitu wa Mau nani aliukata? Maji machafu ya mji na plastiki zinazoingia ziwani kila mvua inyeshapo, hizo zinatoka mbinguni?

Kilichouokoa mji ni vifaru. Miaka ya 1980 mbuga ilizungushiwa ua na ikawa makao ya vifaru, na leo wageni bado wanakuja kwa ajili yao. Kuna watu waliofanya kazi hiyo wakati heroe walikuwa wamejaa tele na hakuna aliyeona haja. Tunakula matunda yao.

Kwa nini nawaambia habari za Nakuru, watu wa Kisumu? Kwa sababu ninyi mna mafunjo. Nendeni Dunga asubuhi mtaona ndege mweusi mgongoni, kifua chekundu kama damu, utosi wa manjano, anaishi ndani ya mafunjo tu. Watu wanasafiri kutoka Uingereza kumwona. Mafunjo yakichomwa yote kwa ajili ya bustani, yakifukiwa kwa ajili ya nyumba, ndege yule hana Bogoria ya kuhamia. Mkeka hauna malighafi. Samaki hana pa kutagia mayai. Yule mama wa kibandani ataendelea kununua katoni.

Niseme pia bila kuficha kwamba kuna pesa ya mgeni ambayo hatuitaki. Mgeni anayewatafuta watoto wetu ni mhalifu, na anayempangishia chumba akijua ni mhalifu mwenzake. Wenye nyumba za wageni, muwe macho, mpige ripoti. Hilo halina mjadala.

Nimalizie kwa maombi, maana nimeona karatasi ya mwenyekiti kwamba muda unaisha.

Wenye hoteli: kwenye menyu yenu andikeni samaki huyu ametoka ufuo gani. Andikeni tu. Mkishindwa kuandika, mtajua mnahitaji kuzungumza na nani hapa ukumbini.

Kaunti: vyoo safi kwenye fuo, maji ya bomba, na jaketi za kuokolea maisha kwenye kila mashua. Mgeni akizama mara moja, habari zake zinafika kwao kabla ya mwili kupatikana.

Vijana wa mashua: bei moja, iliyoandikwa ubaoni, kwa Mzungu na kwa mama wa Jinja. Na jifunzeni majina ya ndege, kwa Kijaluo, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nitakaa Kisumu wiki hii, anayetaka kuanza anione mlangoni.

Na sisi sote: Agosti 2027 ni uchaguzi. Desemba 2007 tuliingia kwenye uchaguzi baada ya mwaka mzuri sana wa utalii, na wiki chache baadaye Kisumu, Nakuru na Naivasha zilikuwa kwenye televisheni za dunia zikiwaka moto. Mwaka 2008 wageni wakaanguka vibaya. Wakala wa ng'ambo anapanga safari za 2027 mwaka mzima kabla. Kila anachosikia kutoka kwetu kuanzia sasa, kila neno la mwanasiasa kwenye mkutano wa hadhara, analiandika kwenye daftari lake. Waliopoteza vibanda 2008 wako humu. Waulizeni ilichukua muda gani.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenyekiti, naomba maikrofoni iende kwa watu wa vizimba kwanza. Watuambie wanaweza kutoa kilo ngapi kwa wiki, na wenye hoteli wajibu hapa hapa tukiwasikia.